Gari Lililogoma Nyumbani Tu

Riruta, jioni ya kuamkia safari yako

Kimani wangu,

Shuka umefunga, ndoo umefunga, na ule mfuko wa unga niliokuambia usiusahau umeuweka mlangoni makusudi, ili nisiwe na la kusema. Basi sisemi. Eldoret kuna soko, chuoni kuna duka, na una akili ya kutosha kununua sabuni. Kuhusu masomo, marafiki na kanisa, umeshaambiwa vya kutosha Jumapili na watu ambao wengine wao hata jina lako hawakulijua mpaka walipopewa maikrofoni. Mimi nataka kukuandikia kuhusu gari.

Najua umechoka na habari za gari. Mimi pia nimechoka. Nimekuwa mwanamke ambaye wenzake ofisini wanamuuliza hali ya pampu ya mafuta kabla ya kumuuliza hali yake. Lakini wiki ijayo hasira yangu itakuwa imepoa, na nikishapoa huwa naanza kueleza mambo kwa upole mpaka hayaeleweki. Afadhali uyapate yakiwa bado ya moto.

Humu nitamwita babangu guka, kama unavyomwita wewe, maana nawe pia hukuita Baba kwa ajili ya jina lake, na nikiandika Baba hutajua ni yeye au ni wewe. Ndiyo shida ya jina mnalogawana. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake baba. Mimi sikuolewa, nilikuzaa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwa hiyo jina likatoka kwetu. Ukawa Kimani kama yeye. Tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni anakuita wakine, mtu wa rika lake, na mnacheka vicheko ambavyo sisi wengine hatualikwi. Nilidhani ni mchezo wa mzee na mjukuu. Sikujua kumbe ni serikali.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza. Nilikuwa na kikao Upper Hill, nimevaa viatu vya kikao, nikazungusha ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri, kwa nguvu zote, lakini injini haikushika. Nikarudia mpaka wapangaji wa guka wakaanza kufungua madirisha. Mama Shiru wa nyumba ya pili akatoka na kanga yake akaniambia betri imekufa. Nikamweleza kwamba betri ikifa stata haiwezi kuzungusha kitu, nikamweleza kwa ile sauti yangu unayoijua, naye akanijibu kuwa labda, lakini ya shemeji yake ilikuwa betri.

Kesho yake likawaka mara moja, kama halijawahi kukosea mtu. Siku chache baadaye likagoma tena. Ndipo nikamwita Otis, fundi wetu wa pale Naivasha Road.

Otis alinifundisha jambo moja la kweli, na kwa hilo ninamshukuru. Ukifungua ufunguo hatua ya kwanza, kabla hujapiga stata, pampu ya mafuta huvuma kidogo kule nyuma chini ya kiti, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Tulinyamaza sote watatu, mimi, wewe na yeye, tukasikiliza. Kimya.

"Madam, hii ni pampu," akasema. "Pampu imeenda."

Nikamuuliza kama amepima umeme unaoifikia. Akaniuliza apime nini tena na kitu chenyewe kiko kimya. Nilipaswa kusimama hapo. Kitu kikinyamaza, huenda kimekufa, na huenda hakuna aliyekipelekea umeme. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu aliyesoma kama mimi alipaswa kuyatenganisha kabla ya kukubali chochote. Lakini nilitaka iwe pampu. Pampu unaitoa, unaweka nyingine, unaenda kazini.

Otis akang'oa kiti cha nyuma, akatoa pampu, akaenda mjini, Kirinyaga Road, akarudi mchana na nyingine. Wewe ulikuwa umemshikia tochi. Nikafungua ufunguo, pampu ikavuma, injini ikashika. Otis akafuta mikono akiniangalia kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nikapika chai. Uliinywa chai ile, Kimani. Nakuomba tu ukumbuke kwamba uliinywa.

Maana sasa najua ulichofanya Otis alipokuwa mjini.

Likagoma tena. Otis akasema ni rilei, ile swichi ndogo inayoipa pampu umeme. Akatoa ya honi akaiweka mahali pake kujaribu, pampu haikuvuma, naye akasema hata ya honi si nzuri. Kesho yake akaleta mpya, na gari likawaka. Lilipogoma tena akasafisha sanduku la fyuzi, na kesho yake likawaka. Kila tulichobadilisha kiliponya gari, na hicho ndicho kilichotupoteza. Kazini nalipwa kusoma madai ya bima ya matibabu na kugundua pale ambapo mgonjwa alipona kabla ya kupewa dawa. Ndiyo kazi yangu. Ninaifanya kutwa nzima, kisha narudi nyumbani nikishangilia rilei.

Na kulikuwa na ishara ambayo hata Mama Shiru aliiona. Alinisimamisha getini akaniuliza, "Kwani hii gari yako inagomea tu hapa kwetu? Huko kwa matajiri inaogopa?" Nikacheka. Alikuwa anasema kweli. Halijawahi kugoma Upper Hill, halijawahi kugoma mjini. Liligoma nyumbani tu, na asubuhi tu.

Isipokuwa ile siku ya Hurlingham, na hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote.

Nilikuwa nimempeleka guka kuchukua miwani yake. Ngazi zile haziwezi, kwa hiyo nikamwacha ndani ya gari pale Argwings Kodhek, amehamia kiti cha dereva kwa sababu ya jua. Niliporudi akarudi kiti chake, nikazungusha ufunguo, injini haikushika. Watu wa Nairobi hawajui kupita gari lililogoma. Askari wa jengo akaja kuniambia nimesahau kuweka mafuta. Nikamwonyesha geji, akasema hata geji hudanganya. Mwingine akashauri tusukume. Nikamwambia gari lisilopata mafuta hata ukilisukuma hadi Kikuyu haliwaki, akaniuliza kama mimi ni fundi, nikasema hapana, akasema basi. Kijana mmoja wa kuuza chaja za simu akasema niuze hiyo kitu ninunue ng'ombe, ng'ombe angalau ukimpiga anaamka. Guka alicheka sana kwa hilo.

Kisha ukapiga simu. Nikakueleza nikiwa karibu kulia, na badala ya kunipa pole ukaniuliza guka alikuwa amekaa wapi. Nikakuuliza hilo ni swali gani. Ukasema nimpe simu. Mkaongea kile Kikuyu chenu cha chini chini, akanirudishia simu, akaniomba nishuke niangalie tairi la nyuma upande wake kama lina upepo. Nikashuka. Mimi, na digrii zangu mbili, nikaenda kubonyeza tairi kwa kidole. Niliporudi akasema, "Jaribu sasa." Likawaka.

Unajua nilimwambia nini Otis? Kwamba pampu ikipata joto hukwama, na ikipumzika hupona. Nilimweleza kwa kirefu. Naye akakubali.

Halafu ukaenda kambi ya vijana ya kanisa, na gari likakataa kila asubuhi. Hapo nikaacha kusikiliza watu. Nikanunua taa ya kupimia, ile yenye ncha kama msumari na waya wa kufunga kwenye chuma, na Jumamosi nikakaa chini kwenye vumbi la ua nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Fyuzi nzima. Umeme unaingia kwenye rilei, taa inawaka. Umeme unatoka kwenye rilei, taa inawaka. Nikaenda nyuma, nikafungua kiungo cha pampu, nikagusa. Giza. Kwa hiyo pampu haikuwa na kosa, na ile ya kwanza tuliyoitupa haikuwa na kosa. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Nikaufuata waya kidogo kidogo chini ya zulia, na chini ya kiti cha dereva nikakuta umekatwa, umefungwa utepe mweusi wa zamani uliokauka, na ncha zake mbili zimeingia kwenye swichi ndogo iliyofichwa pembeni mwa kiti, mahali ambapo mkono hauendi usipopajua.

Nilielewa papo hapo. Wewe ulikuwa mdogo mno, lakini kulikuwa na miaka ambapo watu walinyang'anywa magari wakingoja tu geti lifunguliwe. Waliokuwa na magari walimwita fundi awafichie swichi ya kukata mafuta, na hawakumwambia mtu. Guka hakumwambia hata cucu yako, mama yangu, aliyelala naye kitanda kimoja hadi alipofariki. Na aliponipa gari, macho yake yalipoanza kushindwa, akanipa na ufunguo, na karatasi zake zote, na maneno marefu kuhusu kubadilisha oili. Swichi hakuitaja.

Nikaibonyeza. Pampu ikavuma. Nilifurahi kama mjinga kwa muda mfupi, mpaka nikakumbuka kwamba swichi haijizimi.

Jioni ile nilisimama dirishani kabla giza halijaingia. Guka akatoka nyumbani kwake amevaa koti, akatoa mfukoni ule ufunguo wa akiba alioniapia kuwa ulipotea, akafungua mlango wa dereva, akainama kama mtu anayeokota kitu, akaingiza ufunguo, akatulia kidogo, akautoa. Akafunga, akavuta mpini kuhakikisha, akaondoka. Asubuhi hakuja. Nikaenda mwenyewe kuiwasha.

Uliporudi kutoka kambini ulinikuta jikoni, na hukujaribu kukana. Kwa hilo nakusifu. Ulisema guka anazima kila jioni na kupanga kuiwasha asubuhi, lakini mara nyingi asubuhi anasahau, kwa hiyo wewe ukienda dukani kuchukua maziwa unapita na kuiwasha. Siku ukichelewa kuamka, ndipo gari linagoma. Otis alipokwenda Kirinyaga Road, uliiwasha. Kule Hurlingham guka alizima kwa mazoea alipokaa kiti cha dereva, nawe ukamkumbusha kwa simu, na tairi lilikuwa la kunitoa nje tu. Nikakuuliza kwa nini uliniacha nibadilishe nusu ya gari.

"Ningesema nini?"

"Ungesema guka anazima gari."

"Halafu?"

Wewe ndiye uliyejibu, ukiangalia sufuria. "Halafu ungempigia Uncle."

Kimani, nilikasirika kwa kuwa ulisema kweli. Mjomba wako alipopiga simu kutoka Nakuru, kabla gari halijaanza kugoma, niliweka spika tukiwa mezani. Akasema nyumba yake ina chumba cha nje, geti na askari, na mimi nikasema kwamba guka akianza tu kusahau, tutampeleka huko. Nilisema nikichukua mboga. Guka alikuwa ameketi mbele yangu na sahani yake. Tulimzungumzia kama kabati ambalo bado hatujaamua litakaa chumba gani. Mtu aliyezaliwa katika kiwanja hiki, aliyejenga kila chumba kinachokodishwa humu, anayejua bomba limepita wapi chini ya ardhi. Aliomba chumvi. Wewe ukampa. Sasa najua kuwa mlikuwa mmeshakubaliana mezani pale pale.

Hata hivyo bado nimekukasirikia, na nataka ujue kwa nini. Si kwa sababu ya pampu. Ulimbeba guka peke yako miezi hii yote, ukiamka kabla yangu, ukinitazama nikibabaika, na kesho unaondoka. Ulidhani nini kitatokea keshokutwa? Nani angeenda kuchukua maziwa? Ulikuwa umepanga kuniachia gari bovu na mzee anayesahau, huku mimi nikidhani nina gari bovu tu.

Nilipolala na hayo usiku ule, nikaona jambo lisilonipendeza. Watu wangu hunificha vitu. Cucu yako alianza kupata kizunguzungu na akamwambia Mama Shiru, mpangaji wake, miezi mingi kabla sijajua. Nilipojua nilimpeleka hospitali moja baada ya nyingine mpaka akaniomba nimwache alale. Nilidhani hunificha kwa kuwa mimi ni mkali. Sivyo. Mimi nikijua kitu lazima nikifanyie jambo siku hiyo hiyo. Siwezi kukijua na kukaa nacho. Mtu mwenye jambo lisilohitaji kutengenezwa haji kwangu. Sina hakika nitabadilika kwa umri huu, lakini wewe umeanza kuwa hivyo kwa njia yako, kimyakimya, alfajiri, na ningependa ujitazame mapema kuliko nilivyojitazama mimi.

Hata baada ya kuona hayo, unajua nilifanya nini? Nilimwita Otis. Nikamwambia aunganishe waya moja kwa moja, pampu ipate umeme wakati wote, na ile swichi aiache mahali pake ikiwa haifanyi kitu. Guka azime, awashe, asahau, gari litawaka tu. Nilijiona nina huruma na akili kwa pamoja. Otis alicheka akasema mzee hatawahi kujua.

Hilo lilikuwa juzi. Wewe ulikuwa mjini ukinunua viatu. Jioni mlango wa jikoni ukagongwa. Guka aliingia na koti lake, akabaki amesimama.

"Nani amegusa waya wa gari?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Nimezima, halafu nimefungua ufunguo kusikiliza. Imevuma. Nikiwa nimezima haifai kuvuma." Alisema polepole, kama unavyomweleza mpangaji mgeni jinsi ya kufunga geti. Ndipo nikaelewa kwa nini jioni ile dirishani alitulia na ufunguo mkononi. Hupima kila siku. Katika nyumba hii yote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipima.

Nikamwambia, "Baba, hilo gari ulinipa mimi."

"Najua ni lako. Hilo sijasahau."

"Basi kwa nini unalizima?"

Akavuta kiti akakaa. Akasema kwamba tangu cucu afariki kuna mambo yanampotea, na hapendi kuulizwa ni mangapi. Kwa hiyo alijichagulia kazi moja ya jioni na moja ya asubuhi, ambazo hakuna wa kumkumbusha, ili ajijue mwenyewe yuko wapi. Ya jioni hajaikosa. Ya asubuhi humpotea, na huwa anajua imempotea akikuona kupitia dirisha lake na maziwa mkononi, ukiinamia kiti cha dereva.

"Wakine anadhani ananificha," akasema. "Nilimwacha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniangalia tu, na wala hakuhitaji kusema Nakuru.

"Siku ya jioni nayo ikinipotea, nitakuja nikuambie mwenyewe," akasema. "Lakini usinipe swichi ya mchezo, mama. Nikizima, izime."

Jana asubuhi Otis alirudisha waya kama ulivyokuwa, akinung'unika kwamba katika maisha yake hajawahi kulipwa kuharibu kitu alichotengeneza. Nimemwambia azoee.

Sijampigia mjomba wako. Sikuahidi kwamba sitampigia kamwe, kwa kuwa siwezi kuahidi hilo na wewe usiniombe. Nilichomwahidi guka ni kwamba siku nikipiga, atakuwa ameketi kando yangu na ataanza yeye kuzungumza. Ni kidogo, lakini nimekaa na jambo hili siku mbili bila kulifanyia kitu kingine, na kama ungejua inavyonichoma ungenionea fahari. Wewe nawe, ukiwa huko, ukipiga simu usimuulize guka maswali ya kumpima. Atajua kabla hujamaliza. Mweleze umekula nini.

Sasa kuhusu asubuhi. Nimesema tutatoka kabla msongamano haujaanza. Jioni hii nimemwona akizima, nimemwona akisikiliza. Kisha alipita mlangoni akaniambia kesho ni yeye atakayewasha, kwa kuwa ni wakine anayesafiri, na hataki mtu mwingine aguse. Nimekubali. Kwa hiyo usiamke mapema. Usiende dukani. Maziwa nimeshanunua, yako kwenye friji, huna kisingizio. Mimi nami sitashuka. Nimeacha ufunguo wangu chumbani kwako ili nisijijaribu.

Tutaingia wote watatu. Nitafungua ufunguo hatua ya kwanza na tutasikiliza. Nyuma kukiwa kimya, usiseme neno wala usimtazame, nami nitajitahidi. Tutakaa humo ndani na ndoo yako magotini mpaka akumbuke, hata kama huko Eldoret watafunga geti la usajili.

Mamako